Koki ya Uani Inayovuja na Maji ya Bustani ya Kiangazi

Mkulima wa Bonde la Kilombero amalizapo kuvuna mpunga wake, mwezi wa Sita au wa Saba, mvua huwa zimekatika na mbuga huanza kukauka na kupasuka. Huo ndio wakati mwema wa bustani ya mboga. Jua lipo, ukungu unaoharibu nyanya umepungua, na mikono ya nyumbani ina nafasi. Mchicha, chainizi, bamia, nyanya na ngogwe hustawi vizuri toka hapo hadi mvua za mwezi wa Kumi na Moja, kwa sharti moja: maji yapatikane kila siku.

Kwa watu wengi wa Ifakara mjini, na wa vijiji vipatavyo maji ya mserereko kutoka mito ya Milima ya Udzungwa, kama Mang'ula, maji hayo hutoka katika koki iliyosimama uani. Pengine utashangaa kuona habari za koki katika kijitabu cha kilimo. Lakini Bwana Shamba au Bibi Shamba apitaye nyumba kwa nyumba mwezi wa Tisa huona jambo moja mara nyingi: tuta la mchicha limenyauka, na hatua kumi toka hapo koki inadondoka mchana na usiku, imezungukwa na tope na bata. Mwenye nyumba husema mwaka huu maji ni haba.

Katika maelezo haya neno bomba ni ule mrija wote uletao maji, uwe wa chuma au wa plastiki. Koki ni kile kichwa cha kufungulia na kufungia. Watu huita vyote viwili bomba, wala si kosa, lakini ukienda dukani kununua kipuri yafaa uvitenganishe.

PIMA HASARA YAKO MWENYEWE

Usiamini hesabu ya mtu mwingine, pima. Chukua chupa ya maji ya nusu lita, ikate mdomo, iweke chini ya koki inayodondoka, kisha utazame saa. Tuseme imejaa baada ya nusu saa. Basi koki hiyo inamwaga lita moja kila saa, yaani lita 24 kwa siku nzima, kwa kuwa tone halilali. Kwa siku 30 ni lita 720, ambazo ni ndoo 36 za lita 20. Ikiwa unalipa kwa mita, uniti moja ni lita 1,000. Kwa hiyo karibu robo tatu za uniti umelipia kila mwezi bila kunawa hata uso.

Sasa utazame upande wa bustani. Tuta la mchicha wakati wa jua kali lataka kama lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Kwa hiyo lita 24 zinatosha tuta la upana wa mita moja na urefu wa karibu mita tano. Mchicha huanza kuchumwa baada ya wiki tatu au nne toka kupandwa. Toka mwezi wa Sita hadi mwisho wa mwezi wa Kumi tuta kama hilo laweza kupandwa na kuchumwa mara tano. Hayo yote yalipita katika koki moja, na hiyo ni koki ya tone kwa tone tu. Ile itiririkayo kama uzi hunywa zaidi mara nyingi.

MBU, NA UCHAFU UNAOINGIA

Hapana haja ya kumfundisha mtu wa Ifakara habari za mbu. Toka miaka ya 1950 wataalamu wamechunguza malaria katika mji huu, na Taasisi ya Afya Ifakara inajulikana duniani kwa kazi hiyo. Mwaka 1997 mradi wa KINET ulianza kueneza vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, na watu walivipokea. Lakini wakati wa kiangazi, madimbwi ya mbugani yakaukapo, mbu hutafuta maji popote yalipobaki. Katika joto la bonde letu yai la mbu huwa mbu mwenye mbawa kwa muda wa siku kumi hivi. Dimbwi likaukalo kila baada ya siku chache halimlei mbu hata mmoja; watoto wake hufa kabla ya kuota mbawa. Dimbwi la chini ya koki inayovuja halikauki kamwe. Chandarua umekitundika ndani, na nje ya dirisha umewawekea kitalu.

Hasara nyingine haionekani kwa macho, nayo ndiyo mbaya kuliko zote. Maji yetu aghalabu huja kwa mgao. Yanapokatwa, bomba halibaki limejaa na kutulia. Mtu aliye bondeni akifungua koki yake, maji yaliyosalia ndani hushuka kwake, na bomba la uani kwako hubaki likivuta hewa kama mtu anyonyaye soda kwa mrija. Kama kiungo chako kinavuja chini ya ardhi, na juu yake pamelala tope lenye mavi ya bata, bomba halitavuta hewa. Litavuta tope lile. Tundu linalotoa maji mchana huingiza uchafu usiku. Maji yarudipo asubuhi, watu hukinga yale ya kwanza na kunywa. Kipindupindu kilichozuka Dar es Salaam mwezi wa Nane 2015 na kufika mikoa mingi, Morogoro ukiwamo, kilitukumbusha jinsi ugonjwa huo upendavyo maji yaliyoingiliwa na uchafu.

Kwa mkulima pana hatari ya pili ya namna hiyo hiyo. Mtu ataka kupulizia dawa nyanya zake. Huweka dawa ndani ya pampu ya mgongoni, kisha hutia mpira wa maji ndani ya pampu hadi chini, hufungua koki na kwenda kutafuta kofia yake. Mara maji yanakatika. Mpira ule ulioloweshwa katika dawa huanza kunyonya, na dawa ya kuua wadudu hurudi katika bomba ambalo wewe na jirani zako mnakunywa. Kwa hiyo kamwe usijaze pampu ya dawa kwa mpira. Chota kwa ndoo, umimine. Na hata pipa la maji safi ukilijaza kwa mpira, ncha ya mpira ibaki juu ya ukingo wa pipa kwa kadiri ya upana wa kiganja, isizame majini.

KOKI HUHARIBIKA KWA NINI

Koki ya kawaida ya kuzungusha ina mpini juu, na chini ya mpini pana chuma chenye skrubu, ambacho hapa tutakiita shina. Mwisho wa shina pana kipande cha mpira cha mviringo, mfano wa sarafu nene. Hicho ndicho washa. Ukifunga koki, shina hushuka na kukandamiza washa juu ya ukingo wa tundu ambamo maji hupita. Tutauita ukingo huo kitako. Koki haina siri nyingine. Washa laini ikikaa juu ya kitako kilicho sawa, maji husimama.

Vitabu vya nchi za baridi, kama Uingereza na Marekani, husema sana juu ya barafu, maana huko maji huganda ndani ya koki ya nje na kuipasua. Sisi barafu hatunayo. Maadui zetu ni mchanga, jua na mkono wa binadamu.

Mchanga huja na maji ya mito, hasa baada ya mvua kubwa za kwanza, na pia maji yarudipo baada ya kukatika. Chembe moja ikilala juu ya kitako nawe ukafunga koki, huingia katika mpira na kuukata. Jua huharibu mabomba ya plastiki yaliyoachwa wazi. Huwa magumu kama ganda la yai, na siku mtoto akiyakanyaga hupasuka.

Lakini mkono ndio uharibuo zaidi. Tone la kwanza lionekanapo, mtu hufunga kwa nguvu. Tone linakoma. Baada ya wiki linarudi, naye hukaza zaidi, mwisho hutumia jiwe au kipande cha nondo. Kila mara anapokaza, mpira uliokwisha kuchakaa hubanwa hadi kukatika, na chuma hugusana na chuma. Hapo kitako huanza kuchimbika, na maji yapitayo kwa nguvu katika ufa ule mwembamba hukila siku hadi siku. Siku ya kwanza shida ilikuwa washa, kipande kidogo kisichofikia bei ya mche wa sabuni. Mwezi wa pili shida ni koki nzima. Koki nzima kiafya hufungwa kwa vidole vitatu. Ikitaka nguvu kuliko hiyo, inakuambia washa imekwisha. Ibadilishe juma hilo hilo.

KUBADILI WASHA

Vifaa ni spana mbili, moja yaweza kuwa ile ya kurekebisha ambayo mafundi huiita spana malaya, bisibisi, koleo, kitambaa, na washa mpya ya kipimo cha koki yako. Koki nyingi za uani ni za nusu inchi, nyingine ni robo tatu. Kama huna hakika, nunua zote mbili.

Funga kwanza koki kuu iliyo baada ya mita. Kama haipo, fanya kazi siku ya mgao maji yakiwa yamekatwa, kisha ukipata fedha uweke koki kuu, kwa kuwa bila hiyo kila tengenezo litakuwa la kubahatisha. Usiguse mita wala lakiri yake. Hiyo ni mali ya mamlaka ya maji. Koki kuu ikishafungwa, fungua koki ya uani mpaka maji yaliyobaki yaishe, na uiache wazi kabisa. Hili wengi hulisahau. Ukifungua nati kubwa hali koki imefungwa, shina linabanana na kitako na skrubu zaweza kuharibika.

Sasa shika mwili wa koki kwa spana moja, na kwa spana ya pili zungusha nati kubwa iliyo chini ya mpini, kinyume cha mishale ya saa. Spana ya kwanza si ya mapambo. Bila hiyo nguvu yako yote hushuka chini ya ardhi, kwenye kiungo cha kona, nacho hupasuka. Ulikuja kubadili washa, sasa unachimba shimo. Nati ikilegea, toa shina lote. Washa utaiona mwishoni, imeshikwa na nati ndogo au imesukumizwa tu. Pengine kishikio chake hubaki ndani ya koki. Kitoe kwa koleo. Ondoa washa kuukuu na uweke mpya iliyo sawa nayo kwa upana na unene. Iliyo pana kuliko kishikio itakunjika. Iliyo ndogo haitafunika tundu.

Kabla ya kurudisha shina, futa ndani kwa kitambaa na upitishe kidole polepole juu ya kitako. Kikiwa laini pande zote, shukuru. Ukihisi mfereji, hata mwembamba kama alama ya ukucha, washa mpya itavuja tena baada ya siku chache. Baadhi ya mafundi wana kifaa cha kusawazisha kitako. Ukimpata mwenye nacho, mpe kazi. Usipompata, usipoteze washa ya pili wala ya tatu, nenda ukanunue koki.

Kitako kikiwa kizima, funika koki kwa ndoo iliyopinduliwa, kisha mwambie mtu afungue koki kuu kidogo kwa muda wa kuhesabu hadi tano. Maji yatatoka na kutupa mchanga uliobaki. Funga tena, rudisha shina likiwa katika hali ya kufunguliwa, kaza nati kubwa kwa kiasi, funga koki kwa vidole, halafu fungua koki kuu polepole ili hewa itoke bila kupiga mabomba.

Ikiwa maduka ni mbali, kama kwa watu wa mashambani ng'ambo ya mto wakati wa masika, washa ya kuvukia siku chache yaweza kukatwa katika raba ya tairi, ile ya katambuga, mahali pasipo na nyuzi, au katika ngozi nene iliyolowekwa. Mpira wa tyubu ni mwembamba mno. Kandambili nazo ni laini, hazimalizi siku mbili.

KOKI INAYOVUJA SHINGONI AU KWENYE KIUNGO

Kuna koki isiyovuja ikifungwa, lakini ikifunguliwa maji hupanda na kutoka chini ya mpini. Hiyo washa yake ni nzima. Kilicholegea ni shingo. Tafuta nati ndogo inayozunguka shina na uikaze robo ya mzunguko. Mara nyingi hiyo yatosha. Isipotosha, funga maji, fungua nati hiyo, ondoa uzi wa zamani uliooza, kisha sokota tepu nyeupe ya mafundi iwe kama kamba nyembamba, uizungushe shina mara tatu au nne na kurudisha nati. Koki igeuke kwa ulaini. Ukikaza mno, watoto watashindwa kuifungua na wataipiga.

Ikivuja pale inapoingia kwenye bomba, fungua koki yote, safisha skrubu kwa brashi ya waya, na zungusha tepu upya. Shika koki, upande wa skrubu ukikutazama, uzungushe tepu kufuata mishale ya saa, mizunguko kumi hivi, ukiivuta ikaze. Ukizungusha kinyume, tepu itajikunja na kutoka wakati wa kufunga. Koki ikishakaza usiirudishe nyuma ili mdomo utazame vizuri. Ukirudisha hata kidogo itavuja. Afadhali uifungue na kuongeza tepu. Mafundi wa zamani walitumia nyuzi za katani na rangi ya mafuta, nayo bado ni njia nzuri kwa bomba la chuma. Kwa plastiki isitumike, kwa sababu katani hufura ikilowa na hupasua soketi. Koki ya chuma ikifungwa katika soketi ya plastiki ikazwe kwa mkono, kisha nusu mzunguko kwa spana, basi.

KUNUNUA KOKI MPYA

Nenda na ile kuukuu mfukoni, umwoneshe mwenye duka. Ipime kwa mkono: koki ya shaba ya njano ni nzito, na ile nyepesi yenye kung'aa sana mara nyingi ni bati lililopakwa rangi, haimalizi masika mawili. Koki za plastiki zafaa ndani ya nyumba au kwenye tangi, si uani penye jua na punda.

Siku hizi zipo pia koki za mpini mmoja, zigeuzwazo robo mzunguko tu. Ndani yake mna gololi yenye tundu. Ni nyepesi kufungua, wala mtu hawezi kuikaza kupita kiasi, na nyingine zina mahali pa kutia kufuli. Ubaya wake ni kwamba mchanga ukikwaruza gololi haitengenezeki. Ni ya kutupa. Kwa hiyo penye maji ya mto yenye mchanga, koki ya washa ni bora kwa mtu ajuaye kubadili washa. Penye maji safi ya kisima kirefu na watoto wengi, nunua ya gololi. Wenye bustani watafute yenye skrubu mdomoni, ili mpira ufungwe vizuri usichomoke na kutengeneza dimbwi jingine.

MGUU WA KOKI NA SAKAFU YAKE

Koki nyingi hufa si kwa washa bali kwa kuyumba. Bomba limesimama peke yake, mtu huvuta mpira kwenda kwenye matuta, mbuzi hujikuna, watoto huning'inia. Kila mtikisiko hufika kwenye kiungo kilicho ardhini. Simika nguzo imara kando ya bomba, ya kiini cha mtiki au ya mti mwingine usioliwa upesi na mchwa, ifukiwe kwa kina cha goti, na ulifunge bomba mahali pawili. Mtiki umepandwa kwa wingi katika bonde hili toka miaka ya 1990, na vipande vifaavyo nguzo si vigumu kupatikana. Aliye na saruji ajengee mguu wa zege. Bomba la plastiki lifukiwe, na sehemu itokayo juu ya ardhi iwe ya chuma.

Chini ya koki weka sakafu ya mawe na saruji, mita moja kila upande, yenye ukingo na mteremko. Ardhi ya Ifakara ni tambarare, na mahali pengi ni mfinyanzi usionywa maji upesi; kwa hiyo inua sakafu juu ya kifusi, usiijenge sawa na uwanja, la sivyo maji hayatajua pa kwenda. Toka hapo chimba mfereji mdogo hadi kwenye migomba, mita nne au tano mbali. Mgomba hunywa maji ya kuoshea vyombo bila kinyongo. Mboga za majani zisipewe maji hayo. Na mfereji usielekezwe kwa jirani, hata kama uwanja wake uko chini ya wako.

KUTAZAMA KOKI NA BOMBA

Koki yataka kutazamwa mara mbili kwa mwaka: mwezi wa Tano au wa Sita kabla ya kuanza bustani, na tena mvua za kwanza zikishapita, kwa ajili ya mchanga. Maji yakirudi baada ya mgao, fungua koki yote na uache nusu ndoo itoke kabla ya kuifunga. Ndoo hiyo yenye mchanga na kutu ipeleke kwenye tuta. Wala usilale ukiiacha koki wazi ili upate kusikia maji yakija. Watu wengi hufanya hivyo, na maji huja saa nane za usiku, na asubuhi matuta yamezolewa na miche ya nyanya iko barabarani. Weka pipa chini ya koki na uamke, au uache kabisa. Mafuriko yakifika uani, kama yafikavyo pengine Mto Lumemo ujaapo, chunguza kila kiungo maji yashukapo, fungua koki muda mrefu kabla ya kukinga, na maji ya kunywa yachemshwe.

Uvujaji wa chini ya ardhi hujulikana kwa mita. Usiku watu wote wakilala, funga koki zote, andika namba za mita, na usome tena alfajiri kabla mtu hajachota. Namba zikisogea, bomba lako linavuja mahali fulani baada ya mita. Zunguka kutafuta majani mabichi wakati wa kiangazi. Palipo na ukoka wa kijani mwezi wa Tisa bila mtu kumwagilia, chimba hapo.

Kilicho baada ya mita ni juu yako kukitengeneza. Kilicho kabla ya mita, toa habari: kwa mjini ofisi ya mamlaka ya maji, kwa kijijini chombo cha watumiaji maji cha jamii, ambacho tangu mwaka 2019 kiko chini ya uangalizi wa RUWASA. Sema pia habari za koki ya kituo cha kijiji, ingawa si yako. Mwaka 1971 Serikali ilianza mpango wa miaka ishirini wa kumfikishia kila mtu wa kijijini maji safi karibu na nyumba yake. Mabomba yalitandazwa kila mahali, na mengi yalikauka kabla ya miaka hiyo kutimia, sababu moja kubwa ikiwa ni kukosa matengenezo madogo. Kijiji kiwe na mtu mmoja au wawili, wanawake kwa wanaume, wanaojua kubadili washa, na spana zao zikae mahali panapojulikana. Wanawake ndio wachotao, nao huwa wa kwanza kuona tone. Haifai wamngoje fundi wa kutoka mbali.

Nyumbani tia katika kopo moja lenye mfuniko washa nne au tano za kila kipimo, tepu mbili, na kipande cha brashi ya waya, ulitundike mahali pakavu pasipo jua, kwa maana mpira huzeeka kwa joto hata kabla ya kutumika. Koki kuukuu ya shaba usiitupe. Fungua shina lake, nati zake na mpini wake, uvitie katika kopo hilo hilo. Siku mpini wa koki mpya utakapovunjika, na maduka ya Ifakara yamefungwa, hapo ndipo utakapovitafuta.